Oili ya Gari Lililosimama

Mwezi wa Machi mwaka 1997, gari la wagonjwa la shirika moja la misaada mjini Kigoma lilikuwa limetembea kilomita elfu mbili mia moja na arobaini tangu libadilishiwe oili. Ndivyo dashibodi ilivyosema, na wakubwa wa shirika hawakutaka kusikia kingine. Gaudensi, fundi wa karakana, alichomoa kijiti cha kupimia oili, akakitazama, akakisogeza puani, kisha akageuza uso kando kama mtu aliyefunua chungu cha mboga iliyolala siku tatu.

“Hii si oili tena,” alisema. “Huu ni uji wa masizi.”

Alikuwa mtu wa miaka arobaini na minne, mfupi, mpole wa sauti, na hakuwa na tabia ya kukuza mambo. Alizaliwa Mwamgongo, kijiji cha ufukweni ambacho miaka ile hakuna barabara iliyokifikia. Ukitaka kwenda huko ulipanda boti. Wapo waliomcheka kwa hilo. Mtu aliyekulia mahali pasipo na gari hata moja, walisema, atawafundisha nini watu wa mjini habari za magari? Laiti wangeuliza kabla ya kucheka. Ujuzi wake wote ulitoka huko huko. Akiwa kijana alishika injini ya dizeli katika boti la mizigo la Mzee Gervasi, lililopeleka chumvi na sabuni Kagunga na kurudi na dagaa na mawese. Botini hapana mita ya kilomita, wala ziwani hapana nguzo za kuhesabu mwendo. Mzee Gervasi alikuwa na daftari lililofungwa ndani ya mfuko wa nailoni, na kila injini ilipowashwa na kuzimwa, saa ziliandikwa humo. Zikifika mia mbili, oili inamwagwa. Ilimwagwa hata pale boti lilipokuwa limefungwa gatini siku nne mfululizo na injini ikinguruma kwa ajili ya kutoa maji tu. Gaudensi aliwahi kuuliza kwa nini waimwage na ilhali hawajaenda popote.

“Wewe nawe!” mzee alimjibu. “Injini ina macho ya kuona kwamba tumefungwa kamba? Yenyewe inazunguka tu.”

Alipokuja mjini na kuajiriwa katika karakana, ilikuwa miaka ile ambayo watu walivuka ziwa na mpaka kwa maelfu, kwanza kutoka Burundi, kisha kutoka Zaire, wakitua Kigoma na magodoro vichwani na watoto migongoni. Mashirika yalikuja na magari meupe, na magari yalihitaji mafundi. Gaudensi alipata nyumba ya kupanga Mwanga, karibu na soko, na watoto wake watatu wakaanza shule. Kazi ile ilikuwa kubwa kwake. Alijivunia hasa gari la wagonjwa, Land Cruiser ndefu iliyochukua mahututi kutoka kambini hadi hospitali ya mkoa. Kila mwezi aliandika jina lake katika fomu kuthibitisha kwamba gari lile linafaa kubeba mgonjwa. Bila jina hilo, kanuni ilisema, gari lisitoke.

Sasa ni lazima niseme jinsi gari lile lilivyotumiwa, maana walioliona ni wengi na walionyamaza ni karibu wote.

Asubuhi dereva wake, kijana mmoja mcheshi aitwaye Feliksi, aliliwasha na kulipiga resi papo hapo injini ingali baridi, ili wakubwa wasikie kwamba usafiri uko tayari. Kisha likaenda kilomita tatu hadi ufukweni mahali pa kuwapokelea wakimbizi, na likaegeshwa. Halikuzimwa. Vioo vilipandishwa, kiyoyozi kikafunguliwa, na mle ndani, katika gari lililonunuliwa kwa ajili ya wagonjwa, wakaketi maofisa wakiandika taarifa zao kuhusu dhiki ya watu waliokuwa hatua ishirini kutoka kwao. Saa tatu, saa sita, saa tisa, injini inanguruma. Bomba la moshi lilielekea kwenye foleni ya uji. Akina mama waliofika jana yake kwa mitumbwi iliyojaa maji walivuta kanga na kuwafunika watoto pua ili wasivute moshi wa baridi ya wakubwa. Jioni gari likarudi kilomita tatu, likalala. Siku lilipoitwa kambini lilikimbizwa kwenye vumbi jekundu, na wakati wa kurudi, mgonjwa akiwa ndani, juu ya keria yalikuwa yamepangwa magunia ya mkaa wa majikoni mwa hao hao maofisa.

Siku moja Gaudensi alikwenda ufukweni kubadili tairi, akaona ile foleni na lile bomba. Aligonga kioo cha dereva.

“Feliksi, zima gari. Au basi ligeuze.”

Feliksi aliteremsha kioo vidole viwili. “Kaka Gaudensi, nikizima, bosi anatoka jasho. Bosi akitoka jasho, mimi natoka kazini.”

“Na hawa wanaovuta moshi?”

“Hawa wametoroka risasi, kaka. Watashindwa na moshi?” Akacheka, akapandisha kioo.

Tangu siku hiyo Gaudensi alianza kuandika saa za gari la wagonjwa kama alivyofanya botini, akimuuliza Feliksi kila jioni, na Feliksi akimjibu kwa utani lakini akimjibu kweli. Baada ya siku arobaini na moja, saa zilikuwa mia tatu na themanini. Ndipo alipochomoa kile kijiti, na baada ya kukinusa akaenda stoo kuomba oili mpya na chujio lake.

Mtunza stoo alikuwa Bi Kudra, mwenyeji wa Ujiji, mwenye ulimi mkali na moyo mwema.

“Mwakeye, fundi,” alimsalimu kwa Kiha cha kuazima. “Umekuja tena kunililia? Elfu tano bado, wewe Muha wa majini. Hapa zimeandikwa elfu mbili na ushee.”

“Bi Kudra, ukiweka sufuria ya mafuta jikoni ukakaangia asubuhi hadi jioni, siku arobaini, mafuta yale utayamwaga au utasubiri kwanza sufuria itembee?”

Bi Kudra alicheka hadi akashika meza. “Nitayamwaga. Na nitamfukuza mpishi.”

“Basi. Gari likinguruma limesimama, dizeli isiyoungua vizuri inachuruzika ndani ya oili na kuilainisha kama maji. Masizi yanaizidi. Safari ya kilomita tatu haiipashi moto wa kutosha, basi jasho la injini linabaki humo humo. Halafu unalichukua gari hilo hilo, unalipakia mkaa, unalipandisha mlima kwa kasi. Vyuma vinagusana vikavu. Anayeendesha barabara ndefu, taratibu, bila mzigo wa ziada, huyo akifikisha elfu tano sina ugomvi naye. Lakini gari hili!”

“Mimi nimekuelewa, baba. Ila bila sahihi ya bwana mkubwa sikupi hata tone.”

Bwana mkubwa alikuwa Leodgar, mkuu wa usafirishaji, aliyehamishiwa Kigoma kutoka mkoa wa mbali. Mtu wa mashati yaliyonyooshwa, mwenye jedwali la matengenezo alilolilaza chini ya kioo cha meza yake kama watu walazavyo picha ya harusi. Gaudensi alimkuta akinywa chai. Alieleza haja yake, akaonyesha saa alizoandika.

“Nani aliyekuagiza uandike saa?” Leodgar aliuliza.

“Hakuna, mzee. Nimeandika kwa sababu gari halitembei ila injini inafanya kazi.”

“Jedwali linasema kilomita elfu tano. Unaona hapa? Elfu tano. Limeandikwa na wataalamu.”

“Wataalamu waliandika kwa gari linalotembea. Tena pale chini, kwa maandishi madogo, wameandika kwamba penye vumbi na kusimama sana muda upunguzwe. Someni, mzee.”

Leodgar hakusoma. Alisogeza kikombe juu ya maandishi yale madogo, kwa makusudi kabisa, akaegemea kiti. “Gaudensi, boti za ndugu zako huko Mwamgongo zinatumia oili gani?”

Fundi hakuelewa mara moja. Alipoelewa, masikio yalimwaka moto.

“Mnasema mimi ni mwizi?”

“Nimeuliza swali. Fundi anayedai oili kabla ya wakati, na ana jamaa wenye injini ziwani. Mtu mwenye akili atawaza nini?”

Gaudensi alitoa kitambaa mfukoni, ndani yake mna kipande cha pamba alichokuwa amekichovya katika ile oili. Alikiweka juu ya kioo cha meza. “Nuseni, mzee. Msininuse mimi, nuseni hiyo. Mtasikia dizeli tupu.”

“Ondoa uchafu wako mezani kwangu! Mimi sikusomea kunusa.”

Hivi ndivyo alivyojibu mtu aliyeaminiwa maisha ya wagonjwa. Alikirihika na pamba yenye oili, lakini hakukirihika na gari la wagonjwa kuwa baraza la kupozea maofisa. Alivuta mtoto wa meza, akatoa fomu ya mwezi, akaisukuma mbele. “Tia sahihi hapa kwamba gari linafaa. Mengine tutayazungumza likifika elfu tano.”

“Sitii.”

“Unasemaje?”

“Gari hili likipanda mlima likiwa na mzigo litanoki, injini itakwama. Nimewathibitishia watu miaka miwili kwa jina langu. Kwa hili, jina langu halimo.”

Mchana huo huo alipewa barua ya kumsimamisha kazi kwa utovu wa nidhamu, na kwa ajili ya uchunguzi wa oili ya stoo. Alipita sokoni Mwanga na barua mfukoni, na habari zilikuwa zimemtangulia. Muuza nyanya aliyemjua kwa miaka alimuuliza kwa sauti ya kusikika kibanda cha tatu, “Fundi, ni kweli mmekuwa mkiuza oili ya wakimbizi?” Mkewe, Agnesi, alikuwa amesikia kabla yake. Hakumuuliza kama ni kweli. Alimuuliza tu ada ya shule itatoka wapi, na hilo lilimuuma fundi kuliko swali la muuza nyanya. Kupoteza kazi angeweza kukustahimili. Kuitwa mwizi wa mali ya watu waliokimbia vita, mbele ya watoto wake, hakuweza.

Na gari? Kanuni ilisema lisitoke bila jina la fundi. Lilitoka. Nafasi ya sahihi iliachwa wazi, na kesho yake saa mbili asubuhi lilikuwa ufukweni likinguruma na vioo vimepandishwa.

Siku ya nne liliitwa kambini. Mwanamke wa Kirundi, mimba yake ya kwanza, alikuwa ameshikwa na uchungu tangu juzi yake na mtoto amekwama. Muuguzi wa zamu, Jovita, alimpandisha na kumwambia Feliksi aende moja kwa moja. Feliksi alikwenda moja kwa moja hadi kwa wachoma mkaa, kwa kuwa alikuwa ameagizwa. Yalipakiwa magunia saba. Jovita alishuka akamfokea mbele ya wachoma mkaa.

“Feliksi, huna mama wewe? Shusha!”

“Dada, ni ya mzee Leodgar. Dakika tano tu. Nitafidia kwa mwendo.”

Alifidia kwa mwendo. Kwenye kilima kabla ya Kidahwe, huku akikanyaga mafuta hadi mwisho, taa nyekundu ya oili iliwaka. Aliiona, baadaye alikiri kwamba aliiona. Alidhani atalifikisha gari. Kisha vikasikika vishindo kama mtu anayegonga debe kwa nyundo kutoka ndani, mara tatu, mara nne, na gari likasimama palepale likifuka moshi, injini imenoki, haizunguki hata kidogo. Waliita kwa redio, lakini gari jingine la karibu lilikuwa ufukweni, nalo ofisa wake alisema lina shughuli.

Walikaa kando ya barabara saa mbili na nusu. Jovita alimkinga mgonjwa jua kwa kanga yake mwenyewe. Lori la mahindi ndilo lililowachukua, mwanamke akiwa amelazwa juu ya magunia. Mama alipona. Mtoto alitolewa amekwisha kufa. Aliyezikwa hakupata jina, na aliyemuua hakutajwa kwenye taarifa; taarifa ilisema “hitilafu ya kiufundi isiyotarajiwa”. Isiyotarajiwa! Fundi alikuwa ameitaja kwa mdomo wake, mezani, siku nne kabla, na mlima akautaja.

Siku ya tatu baada ya mazishi, mchana kweupe, Leodgar alifika Mwanga kwa Gaudensi. Alikuja kwa miguu, gari ameliacha mbali, na alibisha hodi kwa unyenyekevu ambao hakuna aliyewahi kumwona nao. Agnesi alimpa kigoda, kisha akabaki amesimama mlangoni na ungo wake.

“Fundi, hali yako? Watoto hawajambo?” alianza.

“Hawajambo.”

“Wanakuja wakaguzi kutoka Dar es Salaam. Nimekuja tuyamalize kiutu uzima. Ule uchunguzi wa oili nimeufuta. Jumatatu unarudi kazini.”

“Mmepata nini katika uchunguzi?”

“Hakuna kilichopungua.”

“Basi nendeni sokoni mkaseme hivyo. Mlisema sokoni kwamba nimeiba.”

“Sikusema mimi sokoni.”

“Soko liliota ndoto?” Agnesi aliuliza kutoka mlangoni.

Leodgar alijifanya hakusikia. Alitoa bahasha, na ndani ya bahasha ile fomu ya mwezi, nafasi ya sahihi ingali wazi. “Kuna hiki kikaratasi tu. Ulisahau kutia sahihi. Weka tarehe ya mwanzo wa mwezi.”

Gaudensi aliitazama fomu. Hapo mbele yake palikuwa na mshahara, ada ya watoto watatu, na jina lililosafishwa na yule yule aliyelichafua. Kilichotakiwa ni uongo wa neno moja. Kwa uongo huo mtoto wa yule Mrundi angekuwa amekufa kwa bahati mbaya, na kila mtu angerudi kwenye chai yake.

“Sikusahau,” alisema. “Nilikataa. Mlikuwapo.”

“Gaudensi, fikiria watoto wako.”

“Nawafikiria. Huyu wa tatu alipougua alipelekwa hospitali kwa gari hilo hilo, wakati bado linazimwa.” Aliomba kalamu. Uso wa Leodgar ulilainika, akampa yake. Fundi aliandika polepole, kwa herufi kubwa za mtu aliyejifunza kuandika kwenye boti linaloyumba: Injini imefanya kazi saa 380 kwa oili moja, nyingi gari likiwa limesimama. Niliomba oili, nikanyimwa. Gari halifai. Chini yake akatia jina na tarehe ya siku ile ile, siyo ya mwanzo wa mwezi.

Leodgar alisoma, akawa kama aliyemeza mfupa. Fomu zile zilikuwa na namba za kufuatana; hakuweza kuichana. “Umejiangamiza,” alisema.

“Kalamu yenu hii.”

Wakaguzi walikuja, wakakaa siku tano katika hoteli yenye kuona ziwa, wakasoma. Yaliyoamuliwa nayaandika kama yalivyokuwa, bila kuyaongezea ubaya, kwa maana hayahitaji. Feliksi alifukuzwa. Leodgar alihamishiwa kituo kingine, akaagwa kwa mbuzi na hotuba. Gaudensi alitangazwa kuwa hana hatia ya wizi, na tangazo likabandikwa ubaoni ndani ya ofisi, ambako muuza nyanya haingii. Kisha akaitwa na mkuu mpya, Bwana Oswald, kijana mwenye tabasamu la mtu aliyeleta zawadi.

“Fundi, umeshinda,” alisema. “Malalamiko yako yamefanyiwa kazi. Kanuni imebadilishwa. Kuanzia sasa oili ni kila kilomita elfu nne, siyo elfu tano. Rudi kazini, jedwali jipya hilo hapo, limechapwa kwa rangi.”

Gaudensi alilitazama jedwali lile zuri. Nje ya dirisha, gari jipya la wagonjwa lilikuwa limeegeshwa likinguruma, halina mtu ndani, kiyoyozi kikipoza viti.

“Saa zitaandikwa, bwana?”

“Saa zipi?”

“Za injini. Na magari yatazimwa pale ufukweni?”

Oswald alikunja uso kidogo, kwa subira. “Hayo ni mambo ya matumizi, hayako chini ya karakana. Wewe unapewa kilomita elfu nzima ya nafuu. Bado huridhiki?”

“Gari lililosimama linafanya kilomita ngapi kwa siku?”

“Halifanyi.”

“Halifanyi. Basi hata mkiandika elfu tatu, haya mnayoyaegesha hapo ufukweni hayatazifikisha kwa wakati. Oili itakufa mita ikiwa imelala. Siku kama ile itamkuta mama mwingine kilimani, nami jina langu litakuwa kwenye fomu.” Alivua ovaroli ya shirika pale pale, akabaki na suruali na fulana yake iliyotoboka, akaikunja ovaroli vizuri na kuiweka kitini. “Nashukuru kwa kuniita.”

Alishuka ngazi, akapita nyuma ya gari lile jipya, moshi ukampiga miguuni. Dereva mpya alikuwa kivulini akila muhogo. Gaudensi hakumwomba ruhusa. Alifungua mlango, akazima injini, akampa ufunguo mkononi, akaenda zake Mwanga kwa miguu. Kabla hajafika lango la nje, alisikia nyuma yake gari likiwashwa tena.